Boksi halilei mwana

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelipata kwa kuchelewa, tena likiwa limefungia karanga. Jirani yangu wa meza ya pili hapa Karume anauza karanga za kukaanga, na magazeti ya kufungia anayanunua kwa kilo. Basi mchana natafuna zangu, macho yakatua kwenye makala yenu ya watu wanaonunua midoli ya bei mbaya na kuiacha ndani ya maboksi bila kuifungua, wakisema ni akiba. Mkawauliza wasomaji: ufungue au usifungue? Nusu ya chini ya ukurasa ilikuwa imelowa mafuta, kwa hiyo kama huko chini mlishajijibu wenyewe, mniwie radhi.

Mimi nauza midoli ya mtumba tangu 1996. Nilianza na nguo za watoto nikaziacha, maana nguo zina wenyewe na wenyewe wana nguvu za kugombania belo. Midoli haina ugomvi. Belo lake unalinunua bila kuona ndani, ukikata mikanda linamwaga kila aina ya kiumbe: dubu wa jicho moja, gari lisilo na tairi, wanasesere uchi wenye nywele zilizosokotana kama katani, na viatu vidogo vidogo, vyote vya mguu wa kulia. Wateja wangu ni walimu wa chekechea, wazazi wa Jumamosi, na mabinti wanaojifunza kusuka. Hao wa kusuka hawana habari na mwili, wananunua kichwa.

Karibu yote iliyopita mikononi mwangu ni iliyochezewa, na ukikaa nayo miaka unaanza kuisoma. Mwanasesere aliyependwa uso wake umefifia upande mmoja tu, ule aliokuwa akilaliwa. Aliyetupwa chini ya kitanda uso wake ni mzima, ila vumbi limeingia kwenye mikunjo ya vidole na halitoki. Boksi lisilofunguliwa sasa, hilo ni tukio. Kwa mwaka naweza nisilipate hata moja.

Mwaka 2003 nililipata. Lilikuwa katikati ya belo, limekingwa na midoli laini pande zote, ndiyo maana halikupondwa. Ndani yake yumo Barbie, yule mwanasesere wa Marekani, toleo la sikukuu ya Krismasi la mwaka 1993, gauni jekundu lenye nakshi za dhahabu, tena mweusi. Weupe nilishawaona wengi, wapo hadi wa kugawa. Huyu nilimshtukia. Karatasi ya bei ya dukani bado imebandikwa kwenye kona, na nadhani kuna bibi mahali fulani Marekani alimnunulia mjukuu, mambo yakaingiliana, akabaki kabatini hadi siku ya kusafisha nyumba.

Binti yangu wakati huo ana miaka saba. Alikuwa ananisubiri mezani na sare zake za shule, akamwona. Mhariri, sitaki kuirefusha. Nilimwambia huyu si wa kuchezea, huyu ni wa mtu mwenye pesa zake. Siku hiyo hiyo mama mmoja alinipa elfu 15 nikakataa, nikaamini kwamba mtu wa elfu 50 yuko njiani. Nikambeba hadi Buguruni, nikamvika mfuko wa nailoni juu ya boksi, nikampandisha juu ya kabati la vyombo.

Hapo alikaa miaka 20.

Na wala sikuwa nimemtupa, nataka hilo lieleweke. Kila Ijumaa nilimfuta vumbi. Wageni walionyeshwa. Binti yangu alikuwa anapanda kwenye kochi, anamtazama kupitia lile dirisha la plastiki, anashuka. Halafu akaacha kupanda. Sikumbuki aliacha lini, na kila nikijaribu kukumbuka nashindwa. Maboksi mengine manne niliyookota miaka ya mbele sikuyapeleka nyumbani, niliyafungia kwenye sanduku la mezani sokoni nikisubiri bei. Januari 2022 soko la Karume lilipoungua, yaliungua na sanduku lake. Hata sura za waliokuwamo sizikumbuki vizuri.

Mwaka 2023, ule ambao mji mzima ulivaa pinki kwa sababu ya sinema ya Barbie, akaja kijana mmoja wa Sinza. Ni mkusanyaji, ana kabati la vioo na taa ndani yake, mpole sana, salamu zake za kupiga magoti. Nikamchukua hadi nyumbani. Akatoa glavu mfukoni, Mhariri, glavu kama za daktari, akamshusha. Alichokikagua kwanza ni boksi. Kona moja imebonyea. Juu kuna alama ya maji ya mwaka bati lilipovuja. Dirisha limegeuka rangi ya chai. Alipomaliza boksi ndipo akamtazama mdoli, kidogo, kama mtu anayesalimia watoto baada ya kumaliza mazungumzo na wazazi. Akasema, "Mama, nitakupa elfu 40."

Chukua elfu 15 ya 2003 uigeuze kilo za mchele, chukua elfu 40 ya 2023 uigeuze vilevile, utaona akiba yangu ilinifanyia nini.

Nilipotaka kugomba, yule kijana akanikalisha na kunielimisha, na hapa namshukuru kwa dhati. Akaniambia Barbie wa kwanza alionyeshwa New York Machi 1959, akauzwa dola 3. Leo wa kundi lile aliye safi ndani ya boksi lake anakwenda kwa maelfu ya dola. Kwa nini? Kwa sababu aliuzwa ili achezewe, na alichezewa kweli: akaoshwa, akakatwa nywele na mkasi wa jikoni, akatafunwa na mbwa, boksi likatupwa siku ya kwanza. Waliobaki wazima ni wa bahati. Kisha mwaka 1988 kampuni inayomtengeneza ikatoa yule wa sikukuu wa kwanza, naye akagombaniwa hadi akaisha madukani. Basi miaka ya tisini watu wakajifunza: kila mwaka wanatoa wa sikukuu, kila mwaka watu wananunua na kuwaficha, wengine wawili wawili. Kiwanda nacho kikatengeneza kwa wingi. Sasa wamo ndani ya maboksi yao huko Marekani, mashangazi wanafariki, watoto wao wanaingia stoo wanakuta safu nzima, wote wanataka kuuza siku moja. "Mama," akasema, "kilichotunzwa na kila mtu hakiwezi kuadimika."

Nikamuuliza, na yule niliyesikia aliuzwa dola laki tatu? Akacheka. Huyo ni wa mwaka 2010, mnada wa New York, dola 302,500, shingoni kavalishwa kidani chenye almasi ya waridi, na fedha zikaenda kwenye mfuko wa saratani ya matiti. Hapo mdoli alikuwa mbeba almasi tu.

Akaniambia pia kwamba wanasesere weusi walikuwapo tangu miaka ya sitini lakini walikuwa marafiki au jamaa wa Barbie. Mweusi wa kwanza kuitwa Barbie mwenyewe alitoka 1980, akabuniwa na mama Mmarekani mweusi, Kitty Black Perkins. Nikamtazama wangu juu ya meza. Ningeyajua haya 2003 labda ningemwambia binti yangu. Labda nisingemwambia, nilikuwa na pupa.

Elfu 40 nikaikataa. Kijana akaaga, na hakununa.

Jioni nikamwita mjukuu wangu, mtoto wa binti yule yule, naye ana miaka sita. Nikachukua wembe. Gundi ya kifuniko haikuhitaji wembe, ilikwishakauka, ikaachia yenyewe kwa mlio mdogo wa karatasi. Nikavuta trei. Ikatoka harufu ya duka la plastiki lililofungwa Ramadhani nzima. Mdoli alikuwa amefungwa kwenye kadibodi kwa nyuzi na vipande vya waya, shingoni, kiunoni, vifundo vya mikono, miguuni. Nilihesabu vifungo kumi na moja. Mpira uliobana nywele zake, nilipougusa tu, ukakatika vipande kama tambi mbichi, na vingine vimeganda kwenye nywele hadi leo.

Mjukuu akamshika kichwa, akauondoa mkono haraka. "Bibi, mbona amepakwa mafuta?"

Kweli, nywele za mbele zinateleza, na chini yake, kwenye ngozi ya kichwa, pananata kama ulimbo. Nikampigia simu yule kijana usiku ule ule. Akasema hilo wanalijua wote: miaka ile kiwandani walikuwa wanapaka gundi ndani ya kichwa kushikilia mizizi ya nywele, na kadiri miaka inavyokwenda gundi inachuruzika kwa nje, na joto ndilo linaiharakisha. Mimi nilimweka juu ya kabati, chini ya bati, nyumba haina dari, Februari ya Dar es Salaam, mara 20.

Msomaji mwenye akili atasema gundi ingechuruzika hata kama ningemfungua siku ya kwanza. Ni kweli, wala sibishi. Lakini aliye nje anaonekana, na anayeonekana anaoshwa. Nilichukua sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, nikamwosha nywele mara tatu, nikamwanika, nikampaka poda ya mtoto kwenye mizizi, nikamlaza kwenye beseni hadi asubuhi, nikachana kwa kitana chembamba. Baada ya siku mbili zikarudi kunata. Nikarudia. Siku ya nne zikakaa. Kila kiangazi zinanata tena kidogo, na sasa mjukuu ndiye anayeosha, anajua kipimo cha poda kuliko mimi. Wale wa zamani kabisa nao wana maradhi yao: nimewahi kuwapata kwenye belo, hereni zimetoa kutu ya kijani hadi masikio yamebadilika rangi, miguu inatoa jasho la mafuta. Mwenye boksi lililofungwa yote hayo hayajui, anatazama upande wa mbele tu.

Nikiwa na mikono yangu ndani ya beseni, nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, Mzaramo wa Maneromango. Alikuwa na mwana hiti. Vijana wasiojua: ni mwana wa mti, hazidi shubiri, hana mikono, kichwani nywele zimechongwa mafungu mawili. Mwali akiwekwa ndani alikabidhiwa huyo awe mwanawe. Alimwogesha, alimpaka mafuta ya nyonyo, alilala naye, na jinsi alivyomlea watu wazima walikuwa wanatazama. Mengine ya mkole, yaani mafunzo ya mwali, siyaandiki gazetini, wenyewe wapo. Wa bibi alipita kwa wanawake watatu kabla yake, na alikuwa mweusi unaong'aa kama sufuria ya chuma iliyopikiwa miaka. Tumboni pamelainika hadi michoro imefutika, kwa vidole tu.

Mwaka 1984 mjomba alimuuza. Mnunuzi wa vinyago alikuja na gari, akaletewa wapya watatu, wamechongwa vizuri, akawasukuma pembeni. Yule wa bibi alimgeuza, akapitisha kidole gumba pale tumboni palipofutika. "Huyu ametumika," akasema, na bei ikapanda palepale. Baadaye nikasikia wapo wanaowafukiza moshi wapya na kuwasugua mafuta ili wafanane na waliolelewa. Bibi hakumsemesha mjomba miezi kadhaa.

Sasa nielezeni ninyi mliosoma. Mwanasesere wa plastiki thamani yake ni kwamba hajaguswa na mtu. Mwana hiti akifika Ulaya thamani yake ni kwamba ameguswa na mabinti wa vizazi vinne. Wanunuzi yawezekana ni majirani, mtaa mmoja. Nimeliwaza hili kwa muda mrefu nikiwa nakata mikanda ya belo, na nilichokiona ni kwamba bei ni mazungumzo ya wanunuzi wao kwa wao, yanageuka kama upepo wa kusi na kaskazi. Mimi wa Buguruni siyaongozi mazungumzo hayo. Ninachoweza kuongoza ni nani anamshika mdoli nyumbani kwangu.

Kwa hiyo jibu langu: fungueni. Nasema hivi kwa watu wa aina yangu, wa nyumba za kupanga na bati, wenye mdoli mmoja au wawili. Mwenye pesa huwa ananunua wawili, mmoja afunguliwe, mmoja akae. Sawa, Mungu amzidishie. Mwenye kutaka kubaki na boksi kwa biashara, basi afanye kama mfanyabiashara: ajue ni wa mwaka gani na walitengenezwa wengi au wachache, amweke mbali na jua na joto, asimfunge nailoni inayobana jasho, na akipata bei nzuri auze siku hiyo hiyo. Mimi nilitunza kama mfanyabiashara na kukataa kuuza kama mzazi. Nilipata hasara pande zote mbili.

Na msidhani naisema midoli tu. Nimegeuka nikaitazama sebule yangu. Rimoti iko ndani ya nailoni, vifungo havisomeki. Kochi lina plastiki, ukikaa na gauni fupi unanasa. Kabatini kuna seti ya vikombe vya arusi yangu ya 1989, sita, haijawahi kunywewa chai, tunasubiri mgeni ambaye hata simjui jina. Wiki iliyopita nimevitoa viwili. Vina chai nzuri, ila kimoja mkono wake umelegea.

Kuna hili la Labubu, maana najua vijana wataniandama. Sasa hivi kila mkoba Kariakoo unaning'iniza kale kadubwana kenye masikio ya sungura na meno, mengine halisi, mengi bandia. Hako kanauzwa ndani ya boksi lisiloonyesha ndani ni kapi, kama belo langu tu. Pale mtu ananunua kule kufungua kwenyewe, na anayeliacha limefungwa anauza wasiwasi wa mwenzake. Sina neno nao. Ni kamari ndogo yenye manyoya.

Nimalizie habari ya kijana wa Sinza. Miezi miwili baada ya mimi kufungua alirudi sokoni. Nikamwambia ukweli: mdoli yuko nje, amesukwa twende kilioni, gauni limepunguzwa kwa sababu lilikuwa linazoa mchanga, kiatu kimoja kimeingia kwenye tundu la choo. Nikadhani atalia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na boksi, Mama, ulilitupa?" Sikulitupa, nilikuwa nimewekea vifungo na nyuzi za kushonea. Kumbe yeye anaye wa mwaka ule ule, mzima, aliyenunuliwa bila boksi.

Nikamwaga vifungo vyangu kwenye sinia. Akalifuta ndani kwa kitambaa, akazibinya kona, akaitafuta ile karatasi ya bei kama bado ipo. Akanilipa elfu 20, nusu ya bei aliyonipa wakati mdoli yumo. Akalifunga nailoni mbili, akapanda bodaboda amelikumbatia, akamwambia dereva aende taratibu kwenye matuta.

Wako,
Mama Zaituni,
Buguruni, Dar es Salaam